Sinema Iliyonitangulia Mkongani

Tangu nirudi, kila anayenikuta ufuoni ananiuliza, "Ehe, Bi Siti, ilikuwaje?" Nikimsimulia mmoja, mwengine amekosa mwanzo. Nikianza upya, yule wa kwanza ananikatiza, ananisahihisha safari yangu mwenyewe. Basi naandika mara moja, msomeane. Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, kwa hiyo mkiona herufi zimelala zisimamisheni. Na anayetaka kucheka asubiri nifike Mkongani, huko ndiko kwenye kuchekesha.

Mliosikia mnajua nilikwenda kwa nini. Wifi yangu Mejumaa, mkewe ndugu yangu Mwachiti, alipiga simu kwa mjukuu wangu akilia. Mwachiti anauza shamba. Si kipande, shamba zima la mama yetu huko Mkongani, lenye mikorosho na kaburi la mama mwenyewe ndani yake. Mnunuzi hata hajaonekana uso, amemtuma dalali, na dalali amesema Ijumaa baada ya swala watu watatia dole gumba mambo yaishe. Na ndugu yangu anataka nini? Gari la abiria, na chumba cha kupanga Ukunda, akae mjini avae suruali ya pasi. Umri ule!

Ningeweza kumtukana kwa simu. Lakini Mwachiti ukimtukana anakuwa jiwe. Tangu utoto wetu kitu kimoja tu kinamwingia, nacho ni hadithi. Nikaamua kumpelekea sinema.

Nieleze kidogo, kwa ambaye hajapata kukaa nasi tukifunga mwani kwenye kamba. Nilipoolewa mara ya kwanza nilikaa Mombasa, na kulikuwa na siku ya wanawake ya kutazama sinema za Kihindi, mwanamume haingii. Tulikwenda na mabuibui yetu na karanga zetu, tukalia mpaka leso zikakamulika. Nikija huku nyumbani nawasimulia waliobaki. Kihindi hatukukijua, tulijua kwa macho. Na kwa kuwa majina ya Kihindi yanampotea msikilizaji njiani, desturi yetu ni kuwavua watu wa sinema majina yao, tunawavisha majina ya kwetu, ya watu tunaowajua. Tajiri mbaya tunampa jina la mtu tuliyekasirikiana naye wiki hiyo. Hakuna anayeshangaa. Wenyewe tunajua.

Niliyoichagua ni ile ya mkulima aliyefungwa na Waingereza kwa kudai uhuru. Kijijini mwao mna tajiri aliyekuwa akila meza moja na Waingereza hao. Uhuru unakuja. Siku ya kupandisha bendera, nani anavuta kamba? Tajiri yule yule, sasa amevaa kofia nyeupe ya wapigania uhuru. Na ngoma zingali zinapigwa, anamwekea mkulima karatasi juu ya ngoma: tia dole, shamba lako linatakiwa na taifa, tunajenga kiwanda. Mkulima anatia, kwa kulipenda taifa. Mkewe anakwenda kukaa juu ya jiwe la mpaka na mchi mkononi. Wanaleta ng'ombe wa plau wampitie juu. Ng'ombe wanasimama, hawaendi. Kijiji chote kinakuja kukaa naye, kofia ya tajiri inadondoka matopeni, watu wanaimba.

Hiyo ndiyo niliyoibeba. Na kanga mbili, na muhogo.

Kibuyuni hadi Msambweni

Niliondoka na pikapu iliyobeba mwani mkavu, dereva kijana wa bara, mpole, ila pua yake haikuwa imezoea.

"Bibi, hii kitu inaliwa kweli?"

"Ushaila," nikamwambia. "Umo ndani ya dawa ya meno unayopigia mswaki."

Akaendesha mpaka Kanana anajilamba meno.

Kabla ya Ramisi gurudumu likatoboka, na la akiba likatazamwa likaonekana nalo limetoboka tangu safari nyengine. Dereva akaenda kutafuta wa kuziba. Mimi nikakaa juu ya magunia kando ya miwa ya watu, nikala muhogo wangu, nikawa naisimulia sinema peke yangu, midomo ikicheza. Mzee mmoja akapita na baiskeli, akaniamkia, akasema, "Dada, wazungumza na nani?" Nikamwambia nazungumza na ndugu yangu. Akatazama magunia, akatazama mimi, akakanyaga pedeli kwa nguvu.

Barazani kwa Mama Jaya

Tulipofika Msambweni mvua ilikuwa imeshika. Nikajibanza dukani kwa Mama Jaya, muuza vitambaa. Wazee wake walitoka Bara Hindi, yeye kazaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kinawashinda wajukuu zangu. Alinipa chai ya tangawizi na bajia za dengu, akaniuliza naenda wapi. Nikamweleza. Nikamweleza na sinema.

Akaweka kikombe chini. "Bi Siti, hiyo unayoijua ni ya sinema. Mimi nimeisoma kitabuni, kitabu cha babu yangu. Kitabuni haiishii hivyo."

"Inaishiaje?"

"Kijiji hakiji. Mke anakaa peke yake mpaka jua linamwangusha, wanambeba. Kiwanda kinajengwa. Mkulima anapewa kazi ya bawabu, mlangoni, juu ya shamba lake mwenyewe. Kila asubuhi anampigia tajiri saluti."

Nikairudisha bajia sahanini. "Kwa nini basi sinema ikatudanganya?"

"Haikudanganya. Mwandishi wa kitabu aliandika alichokiona. Watu wa sinema walikuwa na nchi changa mikononi. Nani anambembeleza mtoto mchanga kwa nyimbo za matanga?"

Kisha akaniuliza kama nakumbuka zile sinema ambazo ndugu wanapotezana wadogo, wanakutana watu wazima, mmoja polisi, mmoja mwizi. Nikamwambia nani asiyezikumbuka, tulikuwa tukizicheka, kila wiki ndugu wamepotea. Akashika kitambaa kilichokuwa mezani, akakipasua katikati, prrr.

"Hivi ndivyo nchi ya wazee wetu ilivyofanywa siku ile ya uhuru, ikapasuliwa ikawa nchi mbili. Bibi yangu kaka zake wawili walibaki upande wa pili, hakuwaona tena. Nyinyi mlidhani ni michezo ya watunga sinema. Zilikuwa nyumba zetu zile."

Kile kitambaa aliniuzia, vipande vyote viwili. Biashara ni biashara.

Mvua haikukoma, na baraza likajaa wanawake waliotoka hospitali. Mmoja akasema, "Bi mkubwa, tusimulie basi, tumekaa kama magogo." Nikaona ndiyo nafasi ya kuipima sinema yangu kabla ya kumfikishia mwenyewe. Mkulima nikamvisha jina kamili, Mwachiti wa Mkongani. Mke nikamwita Mejumaa. Nikasimulia kwa sauti, na mkono ukipiga ngoma kwenye mlango wa Mama Jaya.

Nilipofika kwenye karatasi, akaingia mwanamke na beseni la samaki kichwani, akasimama kusikiliza. Nilipofika kwenye ng'ombe, mvua ikakatika, gari langu likapiga honi, watu wakatawanyika. Mwisho sikuutoa, si wa sinema wala wa kitabu. Yule wa samaki nilimwona anakwenda mbio mbio, simu sikioni. Nikadhani ana wateja wake.

Ukunda

Nililala Ukunda kwa binti yangu Rehema. Hapo kuna mpangaji jirani, kijana wa bara anayehudumu meza hotelini Diani, jina lake Kevo. Alinikuta uani nachambua mchicha.

"Shosho, niaje?"

"Shosho ni nani? Niamkie."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa kaa."

Akakaa. Rehema akamwambia, "Mama yangu ni bingwa wa sinema za Kihindi." Kijana akacheka meno yote. "Hizo muvi? Si ni kudance tu kwa miti, nguo zinabadilika wimbo ukiwa haujaisha!"

Nikamwambia nguo hazinihusu. Mimi namtazama shujaa ni nani. Zamani zile shujaa alikuwa mkulima, kwa sababu nchi ilikuwa ikisema mwenye nchi ni mkulima. Baadaye njaa ikawa mjini, kazi hakuna, shujaa akawa kuli wa bandarini mwenye hasira, anawapiga matajiri na polisi wala rushwa. Baadaye tena akawa mtoto wa tajiri anayeishi Ulaya na kurudi nyumbani kuoa. Ukitaka kujua nchi inajiona nani, mtazame anayepewa wimbo.

Kevo akajipapasa mfukoni. Akatoa simu, akanionyesha za siku hizi. Wanajeshi, bendera kubwa kama shamba, adui ni wa upande wa pili wa mpaka, na kila mtu anapiga kelele.

"Basi hii inasema nini, bibi?"

"Inasema wakubwa wanataka watu watazame mpakani, wasitazame sufuriani."

Akapiga paja. "Hiyo ni kweli! Hata huku, kura zikikaribia, tunaambiwa tu adui ni kabila ya nani." Kisha akaniuliza swali, na nitasema kweli, lilinichoma. "Lakini hata zile zako za mkulima zilikuwa zinawabeba watu. Kwa muvi mkulima anashinda. Akitoka hapo nje, analala njaa. Si afadhali angeambiwa ukweli akasirike?"

Rehema akamkaripia, "We Kevo, mheshimu mama!" Nikamwambia mwache, amesema neno. Tukala wali wa nazi na mchicha na samaki wa kupaka, Kevo akaongeza mara mbili, akisema hotelini anawapakulia watu vyakula hivi kila siku wala havionji.

Nilikuwa na miisho miwili sasa. Wa Mama Jaya na wangu. Nikimpa Mwachiti ule mtamu, atafurahi, atapiga makofi, atatia dole. Nikimpa ule mchungu, huenda akasema ndiyo hivyo, mnyonge hashindi, akatia dole vile vile. Asubuhi niliondoka bado sijachagua.

Kombani na kupanda Kwale

Ilikuwa Ijumaa yenyewe. Kombani nikashuka kungojea gari la kupanda Kwale. Nikanunua mahamri kwa mama mmoja, na mbaazi. Ananipimia, ananiambia, "Bi mkubwa, umesikia ya Mkongani?"

"Ya Mkongani yapi?"

"Mzee mmoja anafukuzwa shambani kwake! Wameleta na ng'ombe wa kuchimba, wamemwelekezea mkewe. Yasemekana amekwisha kukanyagwa."

Mahamri yalinidondoka. Nikasema yamekuwa. Dalali hakungoja swala. Nikauliza jina la mzee, akasema hakulisikia, ila ni mtu wa watu, ana dada yake mkali Kibuyuni huko.

"Huyo dada ni mimi!"

"Ya Rabi! Pole, bi mkubwa. Chukua mahamri mengine, usilipe."

Enyi wenzangu, mimi si mtu wa kulia njiani. Nililia Kombani. Nilimlilia Mejumaa chini ya ng'ombe, nikiwa na mbaazi mkononi. Na wala halikunijia, hata chembe, kujiuliza tangu lini Mkongani watu wakaja kunyang'anya shamba kwa ng'ombe.

Kwale mjini nikakuta stendi imechemka. Wanaume wawili wa ukoo wetu wako juu ya lori dogo, na mapanga, na jembe. Binamu yangu Saumu yuko nao, amebeba sufuria kubwa. Nikamuuliza sufuria ya nini.

"Kama ni vita watu watakula, kama ni matanga watu watakula."

Wakanivuta juu. Njiani karibu na msitu tukasimamishwa, ndovu wanavuka. Wale ndovu hawakuwa na haraka yoyote. Mmoja alikuja akasimama katikati ya barabara, anajirushia mchanga mgongoni. Watu wa lori wanamnong'oneza, "Pita baba, pita tuna msiba." Mimi nikamwambia kwa sauti, "Na wewe umetumwa na dalali?" Saumu akaniziba mdomo kwa kanga.

Mkongani

Swala ilikuwa imekwisha tulipofika. Ua wa Mwachiti ulijaa watu kama harusi. Walikuja wa Kinango, wa Tiwi, wa upande wa mama na wa upande wa baba. Wanawake wameketi chini wanalia kwa zamu. Na katikati, juu ya kiti, ndugu yangu Mwachiti mzima wa afya na kanzu yake ya Ijumaa, ametoa macho kama aliyeamshwa. Kando yake dalali, kijana mnadhifu na miwani ya jua, karatasi mapajani.

"Ng'ombe wako wapi?" mmoja wa wale wa mapanga akaruka.

"Ng'ombe gani?" Mwachiti akajibu. "Tangu asubuhi naulizwa ng'ombe! Mimi nina mbuzi!"

Nikamtafuta Mejumaa, nikamwona anatoka jikoni na mchi mkononi, alikuwa akitwanga. Watu wakapiga kelele, "Huyo! Mchi huo!" Mwanamke mmoja akasema, "Ndivyo nilivyoambiwa kwa simu, alikaa juu ya jiwe na mchi, dole lilitiwa juu ya ngoma, na mwenye kofia nyeupe..."

Hapo nikahesabu vidoleni. Jiwe. Ngoma. Kofia. Ilikuwa sinema yangu. Yule wa samaki wa Msambweni aliikuta katikati na majina ya watu, hakujua kama ni desturi yetu, akawapigia jamaa zake, nao wakawapigia wa kwao, na imefika Mkongani mbele yangu. Nami Kombani nikaililia mwenyewe!

Nikasimama nikawaambia. Sikuzunguka. "Watu wangu, hakuna aliyekanyagwa. Hiyo ni sinema ya Kihindi. Niliisimulia Msambweni nikamvisha ndugu yangu."

Wanawake wakaacha kulia. Kisha Saumu akaangua kicheko, sufuria ikamwanguka, ua wote ukalipuka. Mwachiti hakucheka.

"Dada! Umenipoka shamba kwa mdomo, ukaniletea mapanga nyumbani siku ya Ijumaa!"

"Mimi nimekupoka kwa mdomo," nikasema. "Wewe ulitaka kulitoa kwa dole. Tusemeshane nani mbaya."

Kicheko kikakatika. Wengi hawakujua kama kuna kuuza. Mjomba wetu aliyetoka Kinango akageuka polepole. "Kuuza nini?"

Dalali akaona ni wakati wake, akasimama, akapangusa miwani. "Wazee wangu, bahati nzuri yote imeonekana ni sinema tu. Sasa tumalize shughuli. Shamba hili likiendelezwa, kaunti yote itafaidi. Ni kwa maendeleo ya taifa."

Wallahi hakupangiwa na mtu kusema vile. Mwanamke mmoja aliyeketi chini akapaza sauti, "Ndiye huyu! Amevua kofia tu!" Na watu waliokuja kwa ajili ya jambo lisilokuwako wakaona lililokuwako.

Lakini Mwachiti akaanza kuwa jiwe. Nilimwona. Kidevu kinapanda. "Shamba liko mikononi mwangu," akasema. "Sitatawaliwa na sinema."

Mejumaa bado amesimama na mchi wake. Akaniuliza, mbele ya watu wote, kwa upole: "Wifi, huyo mwanamke wa kwenye jiwe. Mwisho alipata nini?"

Nikawaambia iko miisho miwili. Wa kwenye sinema, kijiji kinakuja kukaa naye, anashinda. Wa kwenye kitabu, na kitabu ndicho kilichotangulia, hakuna anayekuja. Mumewe anakuwa bawabu juu ya shamba lake, anampigia saluti aliyelichukua. Nikamtazama Mwachiti. "Na Wahindi wenyewe wanayo yote miwili. Mmoja wa kuwaambia walikuwa nani, mmoja wa kuwaambia wanataka kuwa nani."

Mwachiti akatazama suruali za dalali, zile za pasi. Akashusha macho kwenye kanzu yake mwenyewe.

Mejumaa akageuka akauangalia ua. Watu wa Kinango, wa Tiwi, wa Kwale, mapanga, jembe, sufuria. Akawahesabu kwa macho, si kwa midomo.

"Lakini kwangu wamekuja," akasema.

Kisha akamwendea dalali. "Uliniambia karatasi inataka na dole langu, la mke, ukasema ni desturi tu, nisijisumbue. Mimi nimezaa kwenye shamba hili na nimemzika mkwe wangu hapa. Dole langu hulipati. Si leo, wala nikizeeka."

Mjomba akasema, "Umesikia." Wanawake wakapiga vigelegele, ndugu zangu, vigelegele vya Ijumaa mchana, vikapanda juu ya mikorosho. Mwachiti akainuka kwenye kiti. Nilidhani anakwenda kugomba. Akamtazama mkewe kwa muda, akavua kofia yake akajikuna kichwa, akasema kwa hasira, "Sasa watu wote hawa mmewaita, watakula nini? Kamateni mbuzi!"

Na kwetu mbuzi akichinjwa kwa ajili ya watu wa ukoo juu ya ardhi, neno la ardhi limekwisha, halizungumzwi tena.

Wakachinja. Saumu akaingiza sufuria yake motoni. Tukapika wali wa nazi, bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga. Mwachiti akawa anazunguka na maji ya kunawisha watu mikono, uso umekunjwa, lakini nilimsikia akimwambia mjomba eti yeye tangu hapo alikuwa akisitasita. Mjomba akamwambia nawisha, baba, nawisha.

Dalali alikusanya karatasi zake akawa anatafuta njia ya kutoka, lakini watu walikuwa wamekaa mkeka kwa mkeka mpaka mlangoni, hakuna pa kukanyaga. Mejumaa akamfuata na sahani iliyojaa mpaka ukingoni, nyama juu.

"Kaa ule, mwanangu," akamwambia. "Cha shamba hili utakachoondoka nacho ni hiki."

Akakaa. Akala akamaliza.